Kitambaa ya Dirisha ya Tatu

Jumanne, 8 Machi 2005

Rosa amekufa. Saa saba mchana. Barabarani, karibu na posho mill ya kusaga unga, juu ya mkokoteni.

Mtoto ako. Msichana. Mama Tabitha, jirani, alimpokea hapa nyumbani Kipsongo, Kitale. Ako na yeye sasa. Analia vizuri.

Mimi nilikuwa Milimani, mtaa ya matajiri, kwa Bosi. Nilikuwa nafunga pazia za chumba ya mtoto yake.

Saa tano asubuhi Mama Tabitha alikuja kwa geti. Alisema mtoto ametoka lakini damu haisimami. Nikaomba Bosi pikapu. Ilikuwa imesimama pale, ufunguo iko mfukoni yake. Akasema, "Maliza hiyo dirisha kwanza. Madam anatoka hospitali saa nane na mtoto, pikapu nitaenda kumchukua nayo. Wanawake wanazaa kila siku, Barasa."

Hivyo ndivyo alisema. Naandika ili nisisahau hata neno moja.

Nikiwa soja, mlinzi wa geti, nilifundishwa kuandika kitabu ya zamu. Saa. Nani ameingia. Nani ametoka. Kazi ya soja iliisha, kuandika haikuisha. Rosa alikuwa ananicheka. Ati naandikia nani.

Leo ametoka Rosa. Ameingia msichana.


Jumatano, 9 Machi

Mochari asubuhi. Karatasi. Nimeweka kidole kwa wino kama mtu hajui kuandika. Sikuwa na nguvu ya kushika kalamu mbele ya watu.

Watu wa kanisa wamekuja. Chai. Mama Tabitha anapatia mtoto maziwa ya ng'ombe na kijiko, imechanganywa na maji. Nimetuma ujumbe nyumbani Sirisia. Dada yangu Nekesa ananyonyesha yake ya miezi mitano. Atanyonyesha wawili.

Saa kumi soja wa Bosi alikuja. Nilijua ametumwa na rambirambi. Hapana. "Bosi anauliza kitambaa ya dirisha ya tatu iko wapi."

Nilimwangalia mpaka akaangalia chini.

Kitambaa iko hapa. Nilikimbia nayo. Nilitoka kwa Bosi nikiwa nayo begani, sikujua hata kama niko nayo. Nilipokutana na mkokoteni pale posho mill, Rosa alikuwa bado joto. Macho wazi. Watu wamesimama wanaangalia. Nikamfunika na hiyo.

Ni kitambaa nzuri. Nilienda mimi na Madam kuichagua, mwezi jana. Alikuwa na tumbo kubwa, mimi nabeba mkoba. Alitaka chumba iwe giza kabisa mchana, mtoto alale. Alikuwa ameona kwa gazeti ya wanawake. Mwenye duka akatoa ya kwanza, drili nyeusi, ile ya kushonea suruali. Nikamwambia Madam weka mkono nyuma, tuinue kwa jua. Tukaona vidole. Akatoa ya pili, tukaona vidole kidogo. Ya tatu ilikuwa nzito, nyuma imepakwa mpira. Hatukuona kitu. Madam akacheka akapiga makofi. Akasema, "Barasa wewe ni fundi kweli. Na Rosa yako anazaa lini?"

Nikasema, "Mwezi moja na wako, Madam."


Ijumaa, 11 Machi

Tumepakia mwili kwa lori ya mahindi. Kitale, Kimilili, Chwele, nyumbani. Mvua kidogo. Mama Tabitha amebeba mtoto mbele na dereva. Mimi nyuma na sanduku. Nilishika kona ya sanduku njia yote ndio isiruke.

Bosi hakuja. Hakutuma mtu.


Jumamosi, 12 Machi

Tumezika.

Pasta alisema ni mpango wa Mungu. Nilitaka kusimama. Mungu hakuwa na pikapu. Bosi alikuwa nayo.


Jumapili, 13 Machi

Mama amesema kunyolewa ni Jumanne. Siku ya tatu. Mimi kwanza, halafu wengine wa boma. Mpaka hiyo siku nisiingie kwa nyumba ya watu. Na nisishike mtoto.

"Hata yangu?"

"Yako zaidi," Mama akasema. "Mwenye kufiwa ako na kifo kwa nywele. Ukishika mtoto mchanga na hiyo kichwa, atakauka kama jani. Wewe unajua. Usiniulize kama mzungu."

Najua. Kila mtu huku anajua. Mjomba yangu mmoja alikataa kunyolewa bibi yake alipokufa, ati yeye amesoma. Watoto wa ndugu yake wawili walienda mwaka huo.

Kwa hivyo nasimama kwa mlango. Naona Nekesa anamnyonyesha. Mabati ya Mama iko na matundu ya misumari. Jua ikipanda, vidoti vya mwanga vinaingia, moja inaanguka kwa uso ya mtoto. Anakunja uso. Analia. Nekesa anamsogeza. Jua nayo inasogea. Analia tena.

Siwezi kuingia hata kumfunika.

Mama ameona kitambaa nyeusi kwa mkoba yangu. Ameuliza ni nini. Nikamwambia ndio nilimfunikia Rosa. Akaruka nyuma. "Hiyo imelalia maiti! Choma leo leo. Usilale nayo."

Nikasema nitachoma.

Sijachoma.


Jumatatu, 14 Machi

Nimefikiria tangu jana. Sasa nimeacha kufikiria, nimejua.

Bosi anataka kitambaa yake ya dirisha ya tatu. Nitampelekea.

Nitaingia kwa chumba ya mtoto yake na hii nywele. Nitatundika hiyo kitambaa juu ya kitanda yake. Iwe giza kabisa, vile walitaka. Alale chini ya kitu ililalia Rosa.

Nataka mtoto yake akauke. Nimeandika. Naisoma na sioni aibu.

Bosi ni mtu wa kwetu. Bukusu, amezaliwa juu ya Sirisia huko. Lakini ni mtu wa ofisi ya serikali na ameokoka. Anasema mambo ya kunyoa ni ya shetani. Sawa. Tutaona kama shetani anajua njia ya Milimani.

Asubuhi nilimwambia Mama naenda Kitale kuchukua vitu, narudi kesho. Akanishika mkono. "Kesho ni kunyolewa. Wazee wanakuja. Barasa, unaenda wapi?"

"Narudi kesho."

Nilimdanganya mama yangu. Hiyo pia iende kwa Bosi.


Jumanne, 15 Machi

Kipsongo. Sijarudi.

Saa hii wazee wameketi. Wembe iko, maji iko, kiti yangu iko tupu. Wamenyoa ndugu yangu, wamenyoa Nekesa. Wameuliza mwenye kufiwa ako wapi. Mama anaangalia barabara.

Nguo ya Rosa bado iko kwa kamba. Sijaondoa. Kijiko yake iko kwa sufuria. Mtoto alikuwa ameshonewa kofia mbili, moja haijaisha, sindano bado iko ndani, imeniingia kwa kidole.

Kichwa inawasha.


Jumatano, 16 Machi

Nimeenda Milimani. Bosi alikuwa kwa geti anaenda kazi. Akatoa kichwa kwa dirisha ya pikapu.

"Ah, Barasa. Pole. Ni mapenzi ya Mungu." Halafu bila kupumzika, "Ulienda na kitambaa yangu, bana."

Hiyo "bana" ilinichoma kuliko yote.

Akaniangalia kichwa. Anajua. Mtu wa kwetu hawezi kukosa kujua. Akasema, "Bado hujanyolewa? Vizuri. Achana na hayo mambo ya giza. Sisi tumeokoka." Akasema mtoto hajalala vizuri wiki mzima. Dirisha mbili ziko sawa lakini ya tatu inaangalia upande jua inatoka. Saa kumi na mbili na nusu mtoto ameamka, Madam ameamka, yeye ameamka. Macho yake ilikuwa nyekundu kweli.

Nilifurahi kuona hiyo macho.

Nikasema, "Ndiyo Bosi. Kitambaa iko. Kesho."

Nimerudi nyumbani nikaitandika chini nikapima. Upana iko sawa. Kuna doa. Kwa rangi nyeusi huioni, lakini ukipitisha mkono inakwaruza, ngumu kama ngozi. Sikuiosha. Nimekunja pindo ya chini, doa ikaingia ndani, nikashona kwa mkono. Na sindano ya Rosa. Pindo imekuwa nzito kidogo. Nzuri. Pazia yenye pindo nzito inashuka sawa.

Kuna kitu sikuandika ile Jumanne ya Rosa. Soja akificha kitu kwa kitabu ni mwizi. Wacha niandike.

Bosi aliposema maliza dirisha kwanza, mimi nilimaliza.

Nilipanda kwa stuli. Nilitoboa ukuta na drili, nikaweka plagi kwa tundu, nikafunga skrubu. Fito ya kushoto, fito ya kulia, ndio mwanga isipite pembeni. Mama Tabitha alikuwa amesimama kwa geti anangoja. Nilimsikia anaita, halafu akarudi mbio kwa Rosa. Mimi nilikaa kwa hiyo dirisha saa nzima na zaidi. Nilipiga hata pembe na patasi ikae vizuri. Geti haikuwa imefungwa. Hakuna mtu alinishika mguu.

Halafu nikaanza dirisha ya tatu. Nilikuwa nimeshachukua kitambaa, nimeweka begani. Ndio Mama Tabitha akaingia mpaka ndani na viatu ya vumbi, akaniambia, "Wewe mwanaume, unangoja nini? Tumempakia kwa mkokoteni."

Ndio nikakimbia.

Nimeandika. Bado nitaenda kesho.


Alhamisi, 17 Machi

Nitaandika pole pole. Ni mengi.

Nilifika saa mbili. Madam alinifungulia mwenyewe. Hajui kitu. Yeye ni mtu wa mbali, si wa kwetu, mambo ya nywele hajui. Alinishika mikono yote mbili akalia. Alisema hakuambiwa mpaka juzi. Alisema, "Na mtoto yako? Anakunywa nini? Chukua hii." Akanipatia mfuko ya nguo za mtoto. Sikuzitaka. Nilizishika kwa sababu alizisukuma.

Moyo yangu haikulegea. Niandike hivyo. Nilimhurumia Madam na bado nikaingia.

Mtoto alikuwa amelala kwa kitanda ya mbao, yenye vijiti. Kijana. Mnono. Mkono imefunga ngumi.

Nilifanya kazi vizuri. Sijawahi kufanya kazi vizuri hivyo. Nilifunga ubao juu, nikapigilia kitambaa, nikapitisha kamba ya kukunjia, nikafunga fito mbili pembeni. Halafu nikafunga mlango ndio nijaribu. Unasimama mahali moja, unangoja macho izoee, kila mahali unaona mwanga unaweka alama na chaki, unaziba. Nikasimama. Sikuona kitu. Hata mkono yangu. Hakuna alama ya kuweka.

Nilimsikia anapumua. Karibu na goti yangu.

Nikafurahi. Ndio. Nilifurahi sana. Nilisema kwa roho, Bosi, sasa tuko sawa.

Mlango ikafunguka. Mama mzee. Mfupi, kitambaa kwa kichwa, kikapu na kuku ndani. Nilijua hapo hapo ni mama ya Bosi, sura ni moja. Alikuwa amekuja kuona mjukuu na kumpatia jina.

"Mbona mnaweka mtoto kwa kaburi?" akasema. "Wewe nani?"

Nikamwita Kukhu, vile tunaita nyanya kwetu. "Fundi, Kukhu."

"Fundi ni kazi. Nimeuliza wewe ni mwana wa nani."

Nikamwambia jina ya baba na kijiji. Kwetu huwezi kudanganya mzee hiyo swali. Akaweka kikapu chini. Akanivuta kwa mwanga ya korido, akaniangalia kichwa mbele, akanizungusha akaangalia nyuma, kama mtu ananunua ng'ombe.

"Ile maziko ya Jumamosi. Mwanaume alitoroka wembe. Soko mzima inaongea. Mama yake ametembea kwa kila boma anauliza nani amemwona." Akanikazia macho. "Ni wewe."

"Ni mimi."

Aliingia kwa hiyo chumba haraka kuliko mtu wa miaka yake. Alitoka na mtoto kwa kifua, akampatia Madam, akasema peleka nje, kwa jua, mbali. Madam alianza kuuliza. "Enda, mwanangu. Utauliza baadaye."

Halafu akanirudia. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya boksi yangu ya vyombo, chini ya dirisha.

"Mtu haji kwa mtoto mchanga hivyo kwa kusahau. Sema."

Nikasema. Yote. Pikapu, dirisha, mkokoteni, posho mill. Nikamwonyesha kitambaa. Nikamwambia imefunika nani. Nikamshika mkono nikampitishia kwa pindo, akasikia ile ugumu. Sikusema kwa sababu ya kujuta. Nilitaka mama yake ajue amezaa mtu wa namna gani.

Alitoa mkono polepole. Alifuta kwa sketi. Aliita jina ya Bosi, jina ya utoto, kwa sauti hata soja alisikia.

Bosi alikuwa amerudi kuchukua faili. Aliingia na tai.

"Mama, nini tena? Hayo mambo ya nywele ni ushetani, nimekwambia..."

"Nyamaza. Ushetani ni kunyima mwanamke gari." Akamnyoshea kidole kwa dirisha. "Hiyo kitambaa umetaka wiki mzima. Imefunika bibi ya huyu. Alikufa kwa mkokoteni wakati gari yako imelala hapo nje. Panda uitoe."

Bosi aliniangalia. Nikamwangalia. Nilikuwa nimengoja hiyo dakika kwa siku tisa.

Alibadilika rangi. Yule mtu haamini mambo ya giza. Lakini alikimbia kwanza kwa dirisha ya korido kuona mtoto yake nje kwa jua, kama anapumua. Nilimwona. Ndio nikajua anaamini kama sisi wote.

Alipanda stuli na suruali ya ofisi. Hakujua kufungua skrubu. Sikumsaidia. Alivuta tu, plasta ikaanguka, jua ikaingia yote mara moja.

Nilifikiri imeisha. Nilifikiri nimeshinda. Kukhu akanigeukia.

"Na wewe. Huyu alipokataa, wewe ulifanya nini?"

Niliokota skrubu kwa sakafu.

"Geti ilikuwa imefungwa?"

"Hapana, Kukhu."

"Ulifanya nini?"

"Nilimaliza dirisha."

"Kwa nini?"

"Ni kazi, Kukhu."

Bosi alishuka kwa stuli, plasta kwa mabega.

Mama mzee alisimama. Akasema, "Mmoja alikataa. Mmoja alitii. Mwanamke wa watu ako chini. Na sasa mnataka kumalizia kwa watoto." Akafunga leso. "Jina sitoi leo. Kuku ya jina ibaki kwa kikapu. Kesho asubuhi, nyinyi wawili, kwa hiyo gari, mpaka kwa wembe."


Ijumaa, 18 Machi

Nimelala Kipsongo. Saa moja pikapu ilikuja mpaka mlango yangu. Watu wote wakatoka kuangalia. Mama Tabitha aliona ni nani anaendesha, akatema mate chini.

Bosi kwa usukani. Kukhu katikati. Mimi kwa dirisha. Kitambaa nyuma, imefungwa kwa gunia.

Tulipofika posho mill nikasema, "Simama."

Akasimama.

"Ni hapa."

Mashine ilikuwa inasaga. Wanawake wamepanga foleni na debe. Hakuna alama yoyote pale. Bosi alishika usukani, anaangalia mbele. Nikasema, "Hapana. Angalia hapa." Akaangalia. Nilimweka hapo mpaka nikatosheka. Kukhu hakunizuia. Kutoka kwa nyumba yangu mpaka posho mill nilihesabu, na pikapu ni dakika tatu. Hospitali ingekuwa dakika saba.

Hiyo dakika saba nataka akae nayo. Mimi niko na yangu.

Sirisia saa nne. Mama alitoka nje. Hakunikumbatia. Alinipiga mgongo na kiganja, mara moja, nguvu, halafu akaenda kuchemsha maji.

Mjomba yangu mwingine alininyoa. Wembe mpya. Kukhu alisema Bosi ashike karai. Bosi akauliza, "Mimi?" Mama yake akamsukumia. Akashika. Alikunja mikono ya shati akasimama kwa jua, karai chini ya kidevu yangu, nywele yangu inaanguka ndani, inagusa vidole vyake. Watu wa boma wamesimama. Watoto wanacheka. Mtu wa serikali ameshika maji ya matanga.

Kitambaa tulichoma nyuma ya zizi. Ile mpira ilitoa moshi mbaya, nyeusi, tulikohoa wote. Bosi ndiye aliwasha kiberiti. Ilimshinda mara mbili, ya tatu ikashika.

Kabla aende alikuja karibu yangu. Aliongea kwa lugha ya kwetu. Sijawahi kumsikia akiiongea, Milimani ni Kiswahili na Kiingereza tu. Alisema nimsamehe.

Nilisikia. Sijamsamehe na sitaandika hapa kitu ambayo sijafanya.

Aliendesha akaenda. Mama yake alibaki, ati ataenda kwake na miguu. Alikunywa chai na Mama yangu mpaka jioni. Sijui waliongea nini. Wazee.


Jumapili, 20 Machi

Mvua tangu alfajiri.

Juzi baada ya wembe Nekesa aliniwekea mtoto mkononi. Ni mwepesi. Niliogopa. Alinikojolea. Watu walicheka, na mimi nilicheka, mara ya kwanza.

Mama amemwita Nafula, jina ya mvua. Siku ile alizaliwa mvua ya kwanza ilishuka jioni. Mimi sikuiona.

Jana nilifanya kazi kwa nyumba ya Mama. Nilifunga mlango nikasimama, nikangoja macho izoee. Mabati yote ilikuwa nyota. Niliweka alama ya chaki kwa fito chini ya kila tundu, kumi na tisa. Nikapanda juu na lami kwa kopo. Moja moja. Kwa dirisha ndogo upande wa jua nimetundika leso ya Rosa, ile ya manjano, imekunjwa mara mbili. Nimefunga fito pembeni. Haizuii yote. Chumba inakuwa na rangi kama ya chai.

Leo Nafula alilala mpaka saa tatu. Nekesa alienda kumwangalia mara mbili, ati kama ako hai.

Kukhu alipitia hapa akitoka kanisani. Amesema Madam amempigia simu, mjukuu yake ako mzima, amenyonya, hana shida. Nilimletea kiti mwenyewe, nikamjazia chai. Sitasema zaidi. Jina bado hajatoa. Amesema Bosi amenunua kitambaa nyingine, ametundika mwenyewe Jumamosi yote, amejitoboa kidole. Na bado jua inaingia. Hajui kuziba pembeni.

Mama aliniangalia. Ati ninaweza kwenda kumwonyesha, kazi yenyewe ni ya nusu saa tu.

Siendi. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu jua itamwamsha, na atakumbuka ni kwa nini. Hiyo ni yangu. Nimebakisha hiyo moja.

Nimepata kibarua Kachibora, kupanda mahindi. Nafula atabaki na Nekesa, nitakuja kila Jumamosi. Nimemnunulia dada sabuni na sukari. Kofia ile haikuwa imeisha, Mama ameimaliza.

Mvua imepungua. Amelala. Nimesimama kwa mlango kwa mazoea tu, halafu nikakumbuka naweza kuingia.

Kesho naanza kazi.